Tangi Halitajaa

Alhamisi, Mbinga mjini. Mvua za mwisho hizi, zisizo na radi. Imenyesha tangu alfajiri kama mtu anayelia huku anaendelea na kazi zake.

Jina langu halipo.

Nimeanza na sentensi hiyo kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu ningezunguka weee, ningeeleza matope ya njiani na viatu vilivyolowa, kisha ningefunga bila kusema. Basi nimesema. Waliochaguliwa kujiunga na chuo cha ufundi wa maji wameshajulikana, na mimi simo.

Niko kwenye chumba cha intaneti nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Umeme ni wa jenereta. Inanguruma nje chini ya bati, na kila inapokohoa kioo cha kompyuta kinatetemeka. Kaka anayeendesha chumba hiki amenitazama usoni akaniuliza, "Mafua, dada?" Nikasema ndiyo, mafua. Akanipa kompyuta ya pembeni, inayotazama ukuta. Sijui kama ameniamini. Mungu ambariki kwa kutouliza mara ya pili.

Wachache mnaosoma blogu yangu hii mnajua nilikuwa nangoja kitu. Sikuwaambia ni nini. Nilihofia nikikitaja nitakitia nuksi mwenyewe. Sasa hakuna cha kutiwa nuksi tena, naweza kueleza.

Nataka kuwa fundi sanifu wa maji. Nilitaka. Sijui niandike lipi.

Mama yangu ni Mnyasa wa Lundo, kule chini ziwani. Baba ni Mmatengo wa huku juu milimani, na ndiko tunakoishi. Lakini likizo zangu zote za utotoni nilizimaliza Lundo kwa Bibi, mama yake Mama. Nyumba yake inatazama Ziwa Nyasa, maji mpaka macho yachoke. Wageni wakifika husema, nyie mna bahati, maji yote haya! Bibi huwajibu, "Bahati yenyewe ina meno." Maana pale wanapochota, wanawake wamepigilia miti majini kuwa uzio wa kuzuia mamba, na bado mmoja husimama kulinda wakati wenzake wameinama. Kisha maji hayo hayo yachemshwe, yachujwe, na watoto bado wanaharisha.

Nyuma ya nyumba ya Bibi kuna mlima, na huko mlimani kuna kijito kisichokauka. Bibi aliwahi kuniambia, "Mimi sitaki ziwa liletwe mlangoni. Nataka mlima uletwe."

Sikumwelewa mpaka alipokuja Mama Zuhura.

Mama Zuhura ni mtumishi wa idara ya maji, mwenyeji wa Tanga, aliyehamishiwa huku akazoea baridi yetu. Nikiwa kidato cha tatu alikuja Lundo kupima njia ya bomba la mserereko, yaani bomba linaloshuka kutoka kwenye chanzo mlimani bila pampu wala mafuta, maji yanajileta yenyewe. Alikuwa na ushungi na mabuti, na nyuma yake wanaume wawili wamembebea vyombo. Sikuwahi kumwona mwanamke anayebebewa vyombo vya kazi. Niliwafuata kwa mbali, najificha kwenye mihogo, mpaka akaniona. Akanishikisha ule ubao mrefu wenye namba, akaenda mbali, akachungulia kwenye darubini yake ya miguu mitatu, akapaza sauti, "Simama wima, binti, usinitikisie mlima!"

Jioni aliniruhusu nami nichungulie. Akaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema, "Maji hayana makuu. Yape mteremko wa upana wa kidole tu, yatakwenda."

Nitalirudia neno hilo baadaye, kwa aibu.

Nimesoma kwa masista mpaka kidato cha nne, nikamaliza mwaka jana. Mimi si msemaji. Darasani mwalimu akiuliza, jibu ninalo, lakini mkono haunyanyuki. Hisabati ilinipenda kwa sababu karatasi haikuambii uongeze sauti. Kalkuleta shuleni ilikuwa marufuku kama redio. Tulikuwa na kitabu cha majedwali, kile chembamba chenye safu za namba, na tulikuwa na kanuni tulizozikariri tukiziimba wakati wa kupalilia shamba la shule. Kitabu changu kiliachana na jalada lake zamani. Nimekishona kwa uzi wa gunia la kahawa.

Mama Zuhura ndiye aliyeniletea habari za chuo. Ni kimoja kati ya vile vipya vinavyofunguliwa na watu binafsi siku hizi. Hawachukui mtu kwa cheti tu, wanampa mtihani wao kwanza, na mtihani ungefanyika Songea. Maelekezo yalisema kanuni zote zitachapwa kwenye ukurasa wa mbele, na kila mtahiniwa aje na kalkuleta. Habari za majedwali hayakuzitaja.

Katika ukoo wetu mwenye kalkuleta ni mmoja tu, Baba Mdogo Gaudens.

Yeye ni karani wa kampuni inayonunua kahawa hapa mjini. Zamani kahawa yote ilikwenda kwenye chama cha ushirika. Sasa kampuni zinakuja kila msimu na magari yao na mizani yao, na Baba Mdogo alipata kazi katika mojawapo. Kalkuleta yake ni kubwa, ya kukaa mezani, vitufe vyake kama punje za mahindi mabichi. Akimaliza kazi anaifunika kwa leso kama sahani ya mgeni.

Kwetu Wamatengo jambo kubwa haliombwi nyuma ya nyumba. Linapelekwa sengu. Wazee wanasema zamani sengu ilikuwa ya kila siku. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mkubwa wao, kila nyumba ikileta chakula chake, na shida ya mmoja ilimegwa pamoja na ugali. Siku hizi ni Jumapili baada ya misa, tena si kila Jumapili. Baba akaipeleka haja yangu sengu, barazani kwa Babu. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, mlango wazi, tunasikia kila kitu.

Babu aliuliza kwanza, "Hiyo mashine inajua Kimatengo?"

"Inajua kahawa, Baba," akajibu Baba Mdogo. "Anayejua kahawa ameshatujua sote."

Wakacheka. Ndipo baba mkubwa mmoja, binamu yake Baba, akasema, "Lakini mtoto wa kike na mabomba wapi na wapi? Ataingia mtaroni na sketi?"

Shangazi yangu alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. Alisema tu, kwa sauti ya kufika barazani, "Maji tunachota na sketi, mlima tunaupanda na sketi, ndoo kichwani. Mbona hapo hamkuuliza?"

Nilitamani kuingia chini ya chungu.

"Jiko limejibu," Babu akasema. "Mpeni mtoto mashine."

Baba Mdogo akaja nayo mwenyewe mpaka mlango wa jikoni, kwenye leso yake. Akasema mbele ya wote, "Haya, Injinia, pokea jembe lako." Tangu siku hiyo jina likanikaa. Alikuwa akipita na baiskeli, hata mbele ya watu waliotoka kanisani, anaita, "Injinia! Hujambo?" Nami nainamisha kichwa, nasema sijambo, shikamoo, kwa sauti isiyofika popote.

Leo ningetoa chochote niitwe hivyo barabarani.

Nilijizoeza nayo. Nilipiga ujazo wa matangi ambayo hayapo, eneo la mashamba ambayo si yetu. Nilijaribu ishirini na mbili kugawanya kwa saba, ikaniambia tatu nukta moja nne, sawasawa na mwalimu wetu. Basi nikaiamini. Kazi ya nusu ukurasa kwa majedwali yenyewe iliimaliza kabla sijavuta pumzi.

Asubuhi ya safari niliweka vyote viwili kwenye mkoba, kalkuleta na kitabu changu cha majedwali. Baba akaona. Akakitoa kitabu, akakiweka juu ya kabati. "Ukienda shambani na majembe mawili utalimia lipi?" akasema. "Ukoo umekupa hili." Sikubisha. Sijawahi kumbishia Baba, na siku ile wala sikuona sababu.

Songea kulikuwa na baridi. Ukumbini wengi walikuwa wavulana, na kalkuleta zao zilikuwa ndogo, nyeusi, za mfukoni. Yangu ilipotua mezani ilitoa kishindo. Aliyekaa mbele yangu akageuka, akaitazama, akasema, "Dada, na mizani yake umeiacha wapi?" Waliosikia wakacheka. Nikajifanya natafuta kalamu.

Maswali ya kwanza yalikwenda vizuri. Naapa yalikwenda vizuri. Maeneo, ujazo, asilimia. Nasoma kanuni kwenye ukurasa wa mbele, nabonyeza, naandika. Nilikaribia kutabasamu peke yangu.

Kisha likaja swali la mwisho, kubwa kuliko yote, lenye vipengele vinavyofuatana. Kuna chanzo cha maji na kuna tangi la kijiji. Bomba lina urefu wa mita mia nane. Chanzo kiko juu ya tangi kwa mita tatu. Tafuta mteremko. Kwa mteremko huo tafuta kasi ya maji, kwa kutumia kanuni uliyopewa. Kwa kasi hiyo tafuta kiasi cha maji kinachoingia tangini. Mwisho, sema tangi litajaa baada ya saa ngapi.

Lilikuwa swali langu. Ilikuwa kana kwamba mtu amekwenda Lundo, akasimama nyuma ya nyumba ya Bibi, akalitunga kwa ajili yangu.

Mteremko ni kimo kugawanya kwa urefu. Nikaandika tatu juu ya mia nane. Mkono uliandika wenyewe, bila hofu. Kisha nikabonyeza ili nipate desimali.

Sifuri nukta sifuri sifuri.

Nikafuta, nikabonyeza tena polepole, kama unavyomsemesha mzee asiyesikia vizuri. Sifuri nukta sifuri sifuri. Nikabonyeza mara nyingine, huku nakishika kila kitufe mpaka kidole kinauma. Ikasema lile lile.

Na nilijua. Hili ndilo linaloniua. Mimi ni mtoto wa milimani. Huku hatulimi bila kuchimba ngolo, yale mashimo yanayofunika mteremko mzima ili maji yatulie yasikimbie na udongo. Tangu utoto tunaona maji yanavyotafuta pa kushukia hata pale jicho linapoona tambarare. Nilimkumbuka Mama Zuhura. Upana wa kidole tu. Na pale nilipewa mita tatu nzima! Mashine ikaniambia ni sifuri, nami badala ya kuikatalia nikaanza kuitafutia sababu.

Nikajiambia, labda mita tatu ndani ya mita mia nane ni kidogo sana, wataalamu wanaihesabu kuwa si kitu. Nikajiambia, mashine hii imepiga hesabu za kahawa ya milima yote hii, haijakosea hata siku moja. Nikajiambia, wazee wamekaa, wamekula, wamekubaliana, wamenipa. Mimi ni nani hata niseme kitu chao kinadanganya?

Ningeweza kugawanya kwa mkono, pembeni mwa karatasi, kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Nimefanya hivyo baadaye, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko. Ni kazi ndogo mno. Nililia kwa udogo wake.

Msimamizi alipita, viatu vyake vikasimama kando ya meza yangu. Ningeinua mkono tu. Ningesema, samahani, mwalimu, mashine yangu ina tatizo. Mkono ulikaa pajani kama umeshonwa hapo. Viatu vikaondoka.

Nikaikata kwa mstari ile tatu juu ya mia nane.

Nikaandika sifuri.

Yaliyobaki yalifuata yenyewe, kama ng'ombe wanaomfuata aliyetangulia korongoni. Mteremko sifuri, kwa hiyo kasi sifuri. Kasi sifuri, kwa hiyo maji sifuri. Nikagawanya ujazo wa tangi kwa sifuri ili nipate saa, ikatokea herufi E kwenye kona ya kioo na vitufe vikagoma. Sikuwahi kuiona hiyo herufi. Nikaona aibu kuacha nafasi tupu. Basi nikaandika, kwa Kiingereza nilichofundishwa na masista na kwa mwandiko wangu mzuri, sentensi ambayo maana yake ni hii:

Tangi halitajaa.

Niliporudi nyumbani nilisema mtihani ulikuwa mzuri. Mama alinichemshia mayai. Siku chache baadaye Baba Mdogo akaja kuchukua chombo chake, maana msimu wa kununua unakaribia. Tulikuwa wawili tu barazani. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Baba Mdogo, tatu ukigawanya kwa mia nane inakuwaje sifuri?"

"Haiwi sifuri, Injinia," akasema, huku anaifuta vumbi kwa leso. Akabonyeza. Ikawa sifuri. Akacheka. "Aaa, si iko kwenye mbili!" Akaweka ukucha kwenye kiswichi kidogo kilichoko juu ya vitufe, kile nilichokuwa nakiona siku zote nikadhani ni cha kuwashia taa ya kioo. Akakisogeza. Akabonyeza tena, na namba zikajitokeza zote, sifuri nukta sifuri sifuri tatu saba tano. "Mimi huifungia kwenye desimali mbili. Kwa kahawa zinatosha. Hizi za nyuma huku wa kuzila nani?"

Kisha akanitazama. Kicheko kilimtoka usoni taratibu.

"Kule uliiacha kwenye mbili?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Yesu na Maria." Akakaa chini, mashine mapajani. "Nimeikung'uta vumbi, nikaifunga kwenye leso safi, nikakupa," akasema. "Sikukwambia kitu."

"Na mimi sikuuliza, Baba Mdogo."

Alipopanda baiskeli yake hakuniita Injinia. Alisema, "Haya, mwanangu, baki salama."

Tangu siku hiyo hajaniita tena. Na hatukumwambia mtu. Si kwamba tulikubaliana kunyamaza, tulinyamaza tu. Sengu iliyofuata Babu alimsifu Baba Mdogo mbele ya wote kwa kumsaidia mtoto wa ndugu yake. Nilikuwa jikoni, nikamwona kwa upenyo wa mlango. Alirudisha tonge kwenye sahani na hakula tena.

Nilibaki na tumaini moja, kwamba maswali ya kwanza yangenibeba. Nimesali rozari kwa tumaini hilo. Nimelipeleka kanisani, nimelipeleka shambani. Wiki iliyopita Bibi alituma kifurushi cha usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, kutoka Lundo pamoja na salamu, "Hawa ni wa fundi wangu." Mama aliwakaanga. Nilikula wawili, wengine nikasema nimeshiba.

Leo asubuhi Mama Zuhura aliniita ofisini kwake. Nimefika nimelowa mpaka mifupa. Nikasema shikamoo. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Kaa." Aliposema kaa nikajua. Mwenye habari njema hakukalishi kwanza.

Anafahamiana na mwalimu mmoja wa kule chuoni, na alikuwa amempigia simu. Maswali ya kwanza nimepata karibu yote. La mwisho sikupata kitu, na ndilo lililokuwa na uzito.

"Lile swali la bomba," akaniuliza, "ulijibu nini?"

"Tangi halitajaa."

Nilidhani atacheka. Ningependa angecheka. Alivua miwani, akaitazama, akaivaa tena. "Nilikuambia nini kuhusu maji?"

"Ukiyapa upana wa kidole yatakwenda."

"Sasa?"

Nikamweleza yote, kiswichi, leso, majedwali juu ya kabati. Nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama niliandika chochote kabla ya ile sifuri. Nikasema niliandika tatu juu ya mia nane, nikaikata.

"Ungeiacha hivyo hivyo," akasema, "wangekupa alama zake. Na ungeendelea nayo hiyo hiyo mpaka mwisho." Akanishika mkono, huu wa kulia. "Ulikuwa nayo, mwanangu. Ulikuwa nayo hapa."

Hapo ndipo mafua yaliponianza.

Nilipoweza kusema nilimuuliza kama mwakani watachukua tena. Akasema huenda. Vyuo hivi vipya leo vipo, kesho hujui. "Sitakudanganya," akasema. Namshukuru kwa hilo, ingawa leo ningependa kidogo kudanganywa.

Najua bomba la Lundo halinisubiri mimi. Litachimbwa na mwingine, au halitachimbwa. Lakini Bibi ananisubiri mimi, na miguu yake inavimba, na bado anateremka pale kwenye ule uzio wa miti kila alfajiri.

Sasa niende nyumbani nikaseme nini? Nikisema sikuchaguliwa tu, Baba atasema Mungu hakupenda, sengu itasema pole, na yataisha. Ila hayataisha kwa Baba Mdogo. Yeye anajua, ataendelea kurudisha tonge kwenye sahani. Nikisema habari za kiswichi, yuko mtu, tena namjua, atakayesema Gaudens ndiye aliyempoteza mtoto. Watu wanapenda mzigo uwe na jina moja. Nimekaa hapa natafuta njia, na kwa swali hili hakuna kanuni kwenye ukurasa wa mbele.

Kweli yenyewe ni hii. Kiswichi kilikuwa kwenye mbili. Lakini jibu lilikuwa limeshaandikwa, na aliyelikata ni mimi. Hakunikatia Baba Mdogo, wala Baba aliyeweka kitabu juu ya kabati.

Jumapili kuna sengu. Wanawake tunasikia kutoka jikoni na tunajibu tukiulizwa, isipokuwa Shangazi. Nitasimama mlangoni na kusema kabla sijaulizwa. Nimejaribu maneno hayo kwa kunong'ona hapa kwenye kompyuta, na kaka wa chumba amegeuka akadhani namwita. Kwa hiyo sauti huwa inatoka. Kidogo.

Nimetoka nje mara moja kuvuta pumzi. Barabara ya hapa mbele ni tambarare kama meza, lakini maji ya mvua yanaifuata yanaelekea sokoni, wala hayajamuuliza mtu. Nimeyatazama kwa hasira.

Ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la kampuni yao, Baba Mdogo anapaka mizani grisi. Kalkuleta iko pembeni yake kwenye leso. Hajaniona. Anajua kwamba leo niliitwa kwa Mama Zuhura, na kila anapopita mtu yeye anainua kichwa kutazama.

Nafunga hapa, navuka barabara. Nitamwambia yeye kwanza, yote, na sehemu yangu nitaisema ndiyo ya kwanza, kabla hajasema ya kwake.

Sijui leo ataniita nani.